OMBI LA KUMBUKUMBU NA DIRISHA LA MASJALA

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba



Mazungumzo haya yanahusu mtu anayefika kwenye ofisi ya Serikali kuomba nakala ya waraka uliomo katika ofisi hiyo. Mtu huyo hana jambo kubwa. Hakuja kuomba kazi wala hakuja kushtaki. Pengine ni kijana anayetaka cheti chake cha kuzaliwa kabla ya siku ya mwisho ya kujiandikisha chuoni. Pengine ni warithi wa eka tatu alizopewa babu yao baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na hati ya asili imeliwa na mchwa ndani ya sanduku. Au ni mjane ambaye mafao ya marehemu mumewe hayawezi kulipwa mpaka lionekane jalada la utumishi linalothibitisha tarehe ya kuajiriwa.

Mtu huyo, mara nyingi, haambiwi "hapana". Huambiwa "njoo kesho".

Neno hilo halikubali wala halikatai, na kwa kuwa halikatai hakuna pa kulipeleka malalamiko. Aliyekataliwa anaweza kwenda kwa mkuu wa ofisi na kuuliza sababu. Aliyeambiwa aje kesho hana la kuuliza; kesho ikifika humkuta mtumishi mwingine dirishani, naye huanza upya kueleza tangu mwanzo. Akitoka Fuoni au Bububu atapoteza nauli ya daladala na nusu ya siku. Akitoka Micheweni, kesho hiyo ina maana ya gari mpaka bandarini, boti, na mahali pa kulala mjini Unguja.

Haki ya mwananchi kupewa taarifa si jambo la hisani ya ofisi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 18, inataja haki ya mtu kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa za mambo yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Tanzania Bara ilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inayozitaka ofisi kujibu ombi ndani ya siku 30. Sheria hiyo inatumika Bara tu. Hata hivyo hakuna kinachomzuia mkuu wa ofisi wa Unguja au Pemba kuazima utaratibu mzuri uliomo ndani yake, wala wa jirani mwingine. Kenya, katika sheria yake ya mwaka huo huo wa 2016, imeweka siku 21, na saa 48 pale ambapo taarifa inayoombwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Uganda ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2005, nayo imeweka siku 21. Siku hizo zina faida moja kubwa: zinalifuta neno kesho, na mahali pake zinaweka tarehe.

Lakini tarehe huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipopokelewa. Ombi ambalo halikuandikwa lilipokelewa lini?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu hazitolewi kwa sababu ya usiri. Usiri upo, na utaelezwa. Lakini sehemu kubwa ya maombi yanayokwama hayakwami kwa kukataliwa. Hukwama kwa sababu hayakuandikwa mahali popote, na kwa hiyo hakuna mtu mwenye jukumu la kuyamaliza.

Mtumishi yeyote aliyepitia masjala anaijua njia ya barua. Barua ikiingia hupigwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari la barua zinazoingia, hutiwa ndani ya jalada lake na kupewa nambari ya ukurasa. Jalada likitoka masjala kwenda kwa ofisa, kadi ya mzunguko huonesha nani kalichukua na siku gani. Utaratibu huu ni wa zamani na ni mzuri. Barua ya Katibu Mkuu ikichelewa kujibiwa hutafutwa mara moja, maana alama zake zimo daftarini na kwenye kadi. Ama ombi la mwananchi, aghlabu huja kwa mdomo. Mtu husimama dirishani, hueleza shida yake, na mtumishi humsikiliza kwa upole kabisa. Kisha mtu huondoka na maneno yake huondoka naye. Ofisi haikupoteza ombi lake. Ofisi haikuwahi kuwa nalo.

Waswahili walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kila mwenye duka Darajani analijua hilo. Anayesoma Qurani anaijua pia aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, na ambayo habari yake ni kuandikiana madeni. Ombi la mwananchi nalo ni deni juu ya ofisi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni daftari la maombi ya kumbukumbu, likae dirishani, na si ndani ya kabati la mkuu wa masjala. Kila anayefika aandikwe siku ile ile: nambari ya ombi, tarehe, jina lake na simu yake, waraka anaoutaka, jina la mtumishi aliyekabidhiwa kuutafuta, tarehe ya kujibiwa, na jibu alilopewa. Mwananchi asiyejua kuandika aandikiwe. Akabidhiwe kipande cha karatasi chenye nambari ya ombi na tarehe ya kurudi. Marekani, ambayo sheria yake ya kupata kumbukumbu za Serikali ni ya mwaka 1966, ilichukua miaka 41 kabla ya Bunge lake kuziamrisha ofisi, katika marekebisho ya mwaka 2007, zitoe nambari ya kufuatilia kwa kila ombi litakalozidi siku 10. Taifa lenye mali na mitambo lilichelewa katika jambo ambalo linahitaji daftari na kalamu.

Siku hizi maombi mengine huja kwa simu ya mkononi, na wapo wanaotuma picha ya kitambulisho kwa mtumishi wanayemfahamu. Hakuna ubaya, ila ombi la simuni nalo liingie daftarini. Likibakia katika simu ya mtu mmoja, mtu huyo akienda likizo ombi nalo limekwenda likizo.

Jambo la pili ni kutafuta, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watumishi wengi hulaumiwa kwa uvivu ilhali taabu yao ni nyingine. Waraka hutafutwa kwa jina, na majina ya Visiwani hayatafutiki kwa urahisi. Mtu hana jina la ukoo la kudumu. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Katika shehia moja wanaweza kuwepo watu wanne wanaoitwa Ali Juma. Jina moja huandikwa Mohamed, Mohammed, Muhammad au Muhamadi, kutegemea karani wa zama zile aliandika anavyosikia au anavyosoma. Khamis huandikwa pia Hamis. Mwanamke huandikwa kwa jina la nyumbani katika waraka mmoja na kwa jina la chuoni katika mwingine. Tarehe ya kuzaliwa ya mzee haikuandikwa kwa siku, ilikadiriwa. Karani akitafuta kwenye herufi moja asipate, akamwambia mwombaji kwamba jalada halipo, hakusema uongo. Lakini jalada lipo, hatua tatu kutoka pale aliposimama, chini ya herufi nyingine.

Dawa yake ni maswali mazuri siku ya kwanza. Fomu ya ombi iulize majina matatu na namna nyingine yanavyoandikwa. Jina la mama, khasa kwa vyeti vya kuzaliwa. Kijiji na shehia ya wakati ule na siyo ya sasa. Kazi aliyokuwa akiifanya mtu na kituo chake. Na mwaka, japo kwa kukisia. Mzee akisema "ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi", karani ameshapata mwaka 1963. Akisema alikuwa mwashi wa idara ya ujenzi kisha akahamishiwa bandarini, karani amepata masjala mbili za kutafutia. Robo saa ya maswali huokoa safari tatu. Na karani akishatafuta, aandike alikotafuta: daftari gani, miaka gani, herufi gani. Asiandike "halikuonekana" akaishia hapo, maana anayekuja baada yake atarudia pale pale.

Taabu nyingine ni ya wizara kubadilika. Idara huhamishwa kutoka wizara moja kwenda nyingine, wizara mbili huunganishwa, moja hugawanywa. Watumishi huhama na meza zao, na majalada hai huhama nao. Yale yaliyofungwa hubakia katika chumba cha nyuma cha jengo la zamani, na baada ya miaka kumi chumba hicho huwa ni cha wizara nyingine isiyojua kuna nini ndani. Mwananchi anayetaka jalada la mwaka 1978 hutumwa kwenye ofisi yenye jina linalofanana na lile analolikumbuka, nayo humtuma kwingine. Kila wizara inapohama au kugawanywa, iandikwe orodha ya majalada yaliyokwenda, yaliyobaki na yaliyopelekwa Nyaraka, na nakala ya orodha hiyo ikae dirishani pamoja na daftari la maombi.

Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zilianza mwaka 1956. Humo mna barua za Kiarabu za zama za masultani na kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza, uliofunguliwa mjini Zanzibar mwaka 1841. Mtafiti kutoka nchi ya mbali hufika hapo, hutafuta katika orodha, hujaza kikaratasi na huletewa jalada mezani. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba barua ya balozi aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita huonekana, na kumbe barua ya ajira ya mwashi wa miaka ya sabini haionekani. Tofauti si umuhimu wa barua. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza imeorodheshwa. Sheria ya Nyaraka na Kumbukumbu, Namba 3 ya mwaka 2008, imelifanya suala la utunzaji wa kumbukumbu kuwa la ofisi zote za umma na si la jengo la Kilimani peke yake. Unyevu wa bahari, chumvi na mchwa havingoji jalada lizeeke. Huanza nalo likiwa lingali hai ofisini, limelazwa sakafuni karibu na dirisha bovu.

Waraka ukiwa haumo katika ofisi iliyoombwa, ofisi hiyo isimtume mwananchi. Ilitume ombi. Sheria ya Kenya imetoa siku 5 za kulihamishia ombi kwenye ofisi nyingine na kumjulisha mwombaji kwamba limehamishwa. Hapa Visiwani jambo hili lina uzito zaidi kwa ajili ya bahari. Wizara nyingi zina Ofisa Mdhamini wake Pemba. Mtu wa Kengeja aweze kutoa ombi lake kwa ofisi hiyo, aandikwe na apewe nambari, kisha ofisi ndiyo iwasiliane na makao makuu Unguja, na nakala iletwe Chake Chake. Majalada na barua za kikazi huvuka kila wiki baina ya visiwa viwili hivi. Nakala ya mwananchi haizidishi uzito wa mkoba.

Inafaa pia kutazama nani anaruhusiwa kuomba. Mjane aliyetajwa mwanzo yumo edani kwa miezi minne na siku kumi, na katika muda huo ndipo familia huhitaji zaidi mafao. Anayekwenda ofisini ni kaka yake au mwanawe. Zipo ofisi zinazomrudisha kijana huyo kwa hoja kwamba mwenyewe hakuja. Hoja hiyo ina msingi, kwani jalada la utumishi si la kila mtu, lakini jibu lake si kungoja eda iishe. Barua ya mjane yenye saini yake au dole gumba, iliyothibitishwa na Sheha wa shehia yake, pamoja na kitambulisho cha aliyetumwa, yatosha kufungua ombi na kuanza kutafuta. Jalada likionekana, uthibitisho zaidi unaweza kuombwa kabla ya nakala kutolewa. Kutafuta hakuvunji siri ya mtu yeyote, na ndiko kunakochukua siku nyingi.

Sasa usiri. Yapo mambo ambayo Serikali haina budi kuyaficha: ulinzi wa nchi, upelelezi unaoendelea, maradhi ya mtu, mashauri ya watoto. Mtumishi aliyeapa kutunza siri anatakiwa aitunze. Tatizo huanza pale neno SIRI linapopigwa juu ya jalada zima kwa ajili ya ukurasa mmoja uliomo ndani yake. Jalada lina kurasa 60. Ukurasa wa 41 una taarifa ya daktari juu ya mtumishi mwingine. Basi kurasa 60 zote zimefungwa, pamoja na barua ya ajira ambayo nakala yake ilikwisha kupewa mwenyewe siku aliyoajiriwa. Njia ni kuutenga ukurasa huo, au kuyafunika maneno yasiyotakiwa kwa kipande cha karatasi kisha kupiga nakala ya kilichobaki. Mashine ya nakala hufanya kazi hiyo kwa dakika mbili.

Aidha, mtumishi atenganishe maombi ya aina tatu. Kumbukumbu ya mtu mwenyewe, kama cheti chake au jalada lake la ajira, hiyo ni yake na kinachotakiwa ni kumtambua tu. Kumbukumbu ya mtu mwingine huhitaji ridhaa yake, au urithi, au amri ya mahakama. Kumbukumbu ya mambo ya umma, kama ramani ya mipango ya kijiji, ada zilizotangazwa au gharama ya kisima cha shehia, haina mwenyewe mmoja, na anayeiomba asiulizwe anaitakia nini. Swali hilo, hata likiulizwa kwa tabasamu, humfanya mkulima aondoke na asirudi.

Ombi likikataliwa, likataliwe kwa maandishi. Barua fupi ya mistari minne yatosha: nambari ya ombi, kilichoombwa, sababu ya kukataa, na cheo cha ofisa ambaye mwombaji anaweza kumwendea asiporidhika. Ofisi nyingine huogopa barua ya namna hiyo kwa kuwa inaacha ushahidi. Uoga huo hauna sababu kwa mwenye haki. Ofisa aliyekataa kwa haki ndiye anayehitaji ushahidi huo kuliko mtu yeyote, siku lawama itakapofika kwa Waziri.

Kuhusu malipo, neno moja. Ada ibandikwe ukutani, kwa tarakimu, na kila malipo yatolewe risiti ya Serikali. Mahali ambapo ada haijulikani ndipo "chai" inapoombwa, na mahali ambapo maombi hayana nambari ndipo anayetoa chai hupita mbele ya aliyetangulia. Daftari lenye nambari zinazofuatana huonesha wazi kwamba ombi la 212 limejibiwa na la 187 lingali linangoja, na mkuu wa ofisi anaweza kuuliza kwa nini.

Zipo pia kumbukumbu zinazoombwa kila siku na watu mbali mbali. Marekani iliamua mwaka 2016 kwamba waraka ulioombwa mara 3 au zaidi utolewe hadharani bila ya kungojwa ombi jingine. Mkuu wa masjala akilipitia daftari lake mwisho wa mwezi ataona mwenyewe ni kipi kinachofaa kubandikwa ubaoni, au kupelekwa kwa Masheha. Masharti ya kupata hati ya eka tatu, kwa mfano, au orodha ya vielelezo vya kuombea cheti kilichopotea. Karatasi moja ubaoni hupunguza foleni ya asubuhi nzima.

Kwa upande wao, wananchi wanaombwa waje na walichonacho, japo ni kikaratasi kilichochanika: stakabadhi ya mshahara, kadi ya kliniki, barua ya uhamisho, picha ya hati ya zamani iliyomo simuni. Nambari ndogo iliyopigwa kwa taipu kwenye pembe ya juu ya barua ya zamani, ambayo wengi huiona haina maana, mara nyingi ndiyo nambari ya jalada lenyewe. Aliye nayo huenda asihitaji kabisa kungojea tarehe ya kurudi. Na anayerudi siku aliyoandikiwa aoneshe kikaratasi chake cha nambari kabla ya kuanza kueleza shida yake upya.

Limebaki suala la uhamisho wa watumishi. Karani wa masjala aliyekaa miaka 20 huijua kila rafu kwa kichwa, na siku anapostaafu ofisi nzima huwa kipofu. Kabla ya kukabidhi funguo, akae na anayempokea kwa muda usiopungua wiki mbili, walipitie daftari la maombi pamoja, na kila ombi ambalo halijajibiwa liandikwe jina la mtumishi mpya na tarehe mpya. Mwombaji apigiwe simu na kuelezwa kwamba aliyekuwa akimhudumia ameondoka, na ombi lake sasa liko kwa fulani.